Nusu ya Uwanja

Huko Makwale watakuambia kwamba Atuganile aliwahi kumchapa mamba kwa mwiko wa ugali. Mamba alikuwa ameuma ndoo yake pale mtoni, naye hakuwa na ndoo nyingine, basi akamchapa katikati ya macho mara tatu, mpaka mamba akaiachia ndoo na kuomba radhi. Hiyo ya kuomba radhi imeongezwa. Ya mwiko ni kweli, na ufa wake upo mpaka leo. Mwanamke huyohuyo alikuja kuogopa kitu cheupe kisichozidi pera, akakiogopa msimu mzima, tangu mpunga ulipovunwa mpaka mvua za kwanza, na kila Jumamosi jioni ungemkuta nyuma ya migomba anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Kitu hicho kilikuja na Angetile. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu alipogeuka mfanyabiashara. Mwenye kuku aliuza mayai, na aliyenunua mayai aliuza maganda. Angetile alikuwa na kibanda chake Bondeni, pale Kyela mjini, na dada yake ameolewa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, kwa hiyo bidhaa zilimfikia kwa njia ambazo hakupenda kuulizwa. Vitenge, sabuni, redio zisizosema. Siku moja likamfikia gunia, limetoka shule gani huko Malawi hajui, na ndani yake mlikuwa na fimbo ishirini zilizopinda ncha, na hicho cheupe kimoja, kigumu kama jiwe la kusagia.

Akauza fimbo kwa wiki mbili. Mmoja alinunua ya kuangulia kakao, mwingine ya kukorogea pombe. Mzee mmoja alinunua ya kutembelea, akaanguka siku hiyohiyo kwa sababu ncha ilikuwa inamvuta kushoto. Zikabaki kumi na nne. Ndipo akapita mwalimu Lameck, kijana wa shule ya Makwale, akasimama ghafla kama aliyeona ndugu yake amefufuka.

"Mama, hizi unazijua ni nini?"

"Najua bei yake," akasema Angetile.

Lameck alikuwa ameucheza mpira wa magongo chuoni, mbali huko, na tangu arudi hakuna aliyemwamini kwamba mchezo huo upo. Akazichukua zote kumi na nne, na hicho cheupe, kwa gunia la mchele. Kumi na nne gawa kwa mbili ni saba. Basi timu za watoto saba saba. Makwale ikawa ya kwanza, Bondeni ikataka, Ipinda ikasikia nayo ikataka, na kwa kuwa magongo yalikuwa ni hayohayo, michezo yote ilichezwa Makwale, kila Jumamosi saa kumi, kwenye jaruba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka. Mpira ukigonga ufa uliruka kama panzi, na hata aliyeupiga hakujua unaelekea wapi.

Katika wale saba wa Makwale alikuwamo Asifiwe, mtoto wa Atuganile, wa miaka tisa, mwembamba kama ufito, mbio zake huwezi kuzikamata.

Sasa sikiliza kwa nini mama yake aliogopa. Kabla ya Asifiwe alikuwapo Ambwene. Ambwene alikuwa na miaka minne alipoachwa asubuhi uani anasukuma gurudumu la fito, mama yake akaenda Ipinda sokoni na ndizi zake. Homa ikamshika mtoto saa nne, saa tisa ikamaliza kazi. Atuganile aliporudi na chumvi na dagaa wa usipa kwenye kikapu alikuta watu wamekaa uani na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Toka siku hiyo alikuwa na neno moja tu na Mungu. Hakuomba huyu wa pili asianguke, maana watoto huanguka. Aliomba akianguka, aanguke mbele ya macho yake.

Mara ya kwanza Asifiwe alipoleta gongo nyumbani, Atuganile alilificha juu ya dari kwenye moshi. Asifiwe akalipata. Mama akalifanya la kuvutia mikungu ya ndizi, Asifiwe akaliomba kwa adabu na kulichukua. Mume wake, Lugano, alikuwa akifika nyumbani siku mbili kwa wiki, siku nyingine yuko njiani na mchele kwenda Mbeya au kurudi kutoka Karonga, naye alisema mtoto aachwe acheze, akiwa mkubwa atakosa nafasi.

"Utamwona amepigwa kichwani," Atuganile akasema.

"Kichwa chake ni cha kwenu. Kitapona."

Jumamosi ya kwanza Asifiwe alitoka nyumbani amefungwa magome ya mgomba kwenye goko, mkanda juu ya mkanda, na kichwani amevalishwa sufuria dogo lililofungwa kwa kitambaa chini ya kidevu. Mwalimu Lameck alilitazama sufuria hilo kwa muda.

"Hili ni la nini?"

"Mama amesema nisilivue."

"Utausikia mpira ukikupita?"

"Nasikia bahari, mwalimu," akasema mtoto, ambaye bahari hajawahi kuiona.

Sufuria likavuliwa. Magome yakabaki, na kufika mwezi wa tisa timu zote tatu zilikuwa zimefungwa magome, hata Bondeni, watoto wa mjini.

Tumaini la Atuganile lilikuwa moja: kwamba baba mkwe wake atakataza. Na hapa lazima mtu aelewe jambo la nyumba ile. Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana haonani na baba wa mume wake. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini, huchuchumaa na kujifunika kanga. Hasemi naye. Jina lake halitamki, na neno linalokaribia jina lake hulikwepa kama tope. Wengi wameacha, hasa walokole, lakini kwa mzee Anyelwisye mila hiyo ilikuwa hai na imenenepa. Miaka kumi na miwili Atuganile alikuwa amekaa hatua mia moja kutoka mlangoni kwake, akimpikia kila siku, na alichokijua kwa mzee ni vitu viwili tu: kikohozi, alichokitanguliza njiani ili mkamwana apate nafasi ya kujificha, na koti jeusi zito, alilolivaa hata joto lile la Novemba linalofanya mbwa watafute kivuli cha mbwa wenzao. Kwa kuwa jina hakuweza kulitaja, Atuganile alimwita Mwenye Koti.

Mwenye Koti alikwenda uwanjani kukataza. Kila mtu alijua. Alifika katikati ya mchezo, akaingia jarubani na fimbo yake, akafungua mdomo, na mpira ukapita katikati ya miguu yake. Asifiwe akafika nyuma yake, ameinama, gongo mbele.

"Babu, panua miguu."

Mzee akapanua. Mtoto akapita chini ya koti kama paka chini ya meza, akatokea upande wa pili, akafunga goli. Wanasema mzee alibaki amesimama na miguu yake imepanuka mpaka filimbi ya mwisho. Jumamosi iliyofuata alikuja na kigoda chake. Akakiweka pembeni mwa jaruba, upande wa goli la mashariki, mgongo kwenye mfereji, na hapo pakawa mahali pake msimu mzima.

Na hivyo ndivyo Atuganile alivyokosa nusu ya uwanja.

Pembeni mwa jaruba palikuwa na kichuguu, kikubwa kama kibanda. Nyuma yake kulikuwa na migomba. Atuganile akisimama migombani aliona upande wa magharibi wote, kila mtoto na kila unyayo. Upande wa mashariki ulizibwa na kichuguu. Akitaka kuuona, apite kichuguu. Na akikipita, yuko mbele ya macho ya Mwenye Koti. Basi alisimama palepale kila Jumamosi, hakumwambia mtu, na mchezo ukikaribia kwisha alikimbia nyumbani ili mtoto amkute anapembua mchele kana kwamba hakutoka.

Mtu mmoja tu alijua, naye ni jirani yake, Tuntufye. Tuntufye hakuwa na mkwe wa kumwogopa, mume wake alikuwa amezaliwa na wazee waliokufa zamani, kwa hiyo aliweza kusimama kwenye ncha ya kichuguu, uso uwanjani na mdomo migombani, akasema anachokiona. Tatizo la Tuntufye lilikuwa kwamba alichokiona hakikumtosha.

"Anafanya nini?" Atuganile anauliza, ameshika shina la mgomba.

"Anakimbia."

"Anakimbilia wapi?"

"Kwenye mpira. Hapana, mpira ndio unamkimbilia. Mama Asifiwe, kaa chini kwanza. Wamemrukia sita. Simwoni. Naona kiatu."

"Hana viatu."

"Basi ni cha mwingine."

"Tuntufye, ameanguka?"

"Kuna mtu ameanguka. Ameanguka vibaya, miguu iko juu, roho inataka kutoka. Ah. Ni refa."

Kila aliporudi nyumbani, Atuganile alikuwa amemzika mtoto wake mara nne au tano. Magoti yalimlegea mpaka akajifunza kujifunga kanga kwenye mgomba ili asianguke. Usiku hakula. Asifiwe naye alikula kwa wawili, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, hasemi kitu zaidi ya matokeo.

Na si kwamba hofu yake ilikuwa ya bure. Mwezi wa nane mpira ulimpata jogoo wa mchungaji aliyekuwa akipita njia, na tangu hapo jogoo yule alisahau asubuhi. Akawa anawika saa saba mchana, mpaka Krismasi alipochinjwa. Wiki ya pili yake mtoto wa Bondeni alitemea jino mkononi. Mwalimu Lameck mwenyewe alipigwa kidole cha mguu, akafundisha siku nne amesimama kama korongo. Kila habari ilipofika jikoni, Atuganile aliacha alichokishika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye ung'ongo ulikuwa unaruka kila Jumamosi, mweupe, kwenye nusu ya uwanja asiyoiona.

Mara moja alijaribu kukipanda kichuguu. Alipofika nusu, kikohozi kikasikika upande wa pili. Akateremka kwa makalio mpaka migombani, akakaa humo na udongo mdomoni.

Mwezi wa kumi Ipinda ilikuja kwa mchezo wa kuamua nani aongoze, ukibaki mmoja tu na Bondeni. Ipinda walikuwa na mtoto anaitwa Ambilikile. Alisemwa ana miaka kumi na miwili. Tuntufye alisema ana ndevu.

"Ndevu zipi?"

"Ananyoa asubuhi. Nimesikia ana mke Ipinda, na wa pili wanamtafutia."

"Nyamaza, mwenzangu. Tumbo linaniuma."

"Nanyamaza. Lakini mkono wake umelingana na mchi. Akiupiga ule mpira, utaokotwa ziwani."

Kipindi cha kwanza Asifiwe alicheza upande wa magharibi, na mama yake alimwona. Alimwona akikimbia ameinama, msuko mmoja umefumuka, ulimi nje kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo anachora chini kwa kijiti. Alimwona akimpokonya Ambilikile mpira mara mbili. Yule mtoto mkubwa mara ya pili alibaki anamtazama, na ule mtazamo Atuganile akauona, akaongeza fundo kwenye kanga iliyomfunga mgombani.

Kipindi cha pili wakabadilishana magoli. Asifiwe akaenda mashariki.

"Anafanya nini?"

"Yuko karibu na babu yake," Tuntufye akasema. "Anao mpira. Anawapita, anawapita, huyu mtoto umemzaa na upepo. Ambilikile anakuja. Anakuja kama ng'ombe aliyekatika kamba. Ameinua gongo, limefika mawinguni."

Kisha ukasikika mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyevunja nazi kwa mara ya kwanza, kwa woga.

"Tuntufye, vipi?"

Tuntufye hakujibu.

"Tuntufye."

Mtu ambaye angeweza kukusimulia kifo cha mbu kwa nusu saa alikuwa amesimama kwenye ncha ya kichuguu, mikono kichwani, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Msimu mzima alikuwa amesema miguu iko juu, roho inatoka, naona kiatu. Sasa hakuwa na hata neno moja. Atuganile akaelewa kwamba safari hii ni kweli.

Aliifungua kanga iliyomfunga mgombani, au aliichana, maana baadaye ilikutwa vipande viwili. Akakipita kichuguu.

Uwanja mzima ulikuwa mbele yake kwa mara ya kwanza. Mwishoni kabisa, hatua mbili kutoka kwenye kigoda, kulikuwa na kitu kidogo chini, na juu yake limeinama koti jeusi. Watu wa Makwale wakamwona anavyokuja, kichwa wazi, hana kanga, anakata jaruba katikati kuelekea kwa baba mkwe wake, na wote wakanyamaza kwa namna ambayo hata kanisani hawanyamazi. Shangazi mmoja aliziba macho, akaacha nafasi kati ya vidole.

Mzee akainua kichwa, akamwona. Kila mmoja aliona kwamba amemwona. Yeye ndiye alikuwa amefika kwa mtoto kwanza, mkono tayari umemfikia begani. Mkamwana hakuwa anarudi nyuma. Nyuma ya mzee kulikuwa na mfereji, mbele kulikuwa na mwanamke, na mila haikuwa imeeleza mtu afanye nini hapo. Mzee Anyelwisye akashika kola ya koti lake kwa mikono miwili, akalivuta juu, akajifunika kichwa chote, akageuka. Akabaki amesimama hivyo, kama kinyago cha kufukuzia ndege mpungani, tumbo na shati lililotoboka nje mbele ya Ipinda nzima.

Atuganile akapiga magoti. Asifiwe alikuwa amelala ubavu, kiganja juu ya jicho la kulia, damu inapita kati ya vidole na kuingia kwenye ufa wa udongo.

"Toa mkono," mama yake akasema.

"Siwezi."

"Toa nione."

Mtoto akaanza kuutoa, na Atuganile akaushika, akaurudisha. Msimu mzima alikuwa akimwomba Mungu aone. Sasa alikuwa ameitwa kutazama, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umekataa. Chini ya kiganja kile Asifiwe alikuwa bado na macho mawili. Kikitoka, huenda akawa na moja. Akakaa hivyo, kiganja juu ya kiganja, hajui ni muda gani. Alisikia inzi. Alisikia mfereji.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya koti. Hakuwahi kuisikia ikisema maneno. Miaka kumi na miwili ilikuwa inakohoa tu. Ilikuwa nyembamba, na ilikuwa inatetemeka.

"Ewe kichuguu," koti likasema. "Nakuuliza wewe kichuguu. Jicho lipo?"

Atuganile akautoa mkono wa mtoto. Nyusi ilikuwa imepasuka, nyama imefunguka kama mdomo wa samaki, damu imejaza shimo lote. Akafuta kwa kiganja. Akafuta tena. Ndani ya damu kitu kikapepesa, kikafunguka, kikamtazama.

"Unaniona?"

"Nakuona," Asifiwe akasema. "Mama, umekuja."

Atuganile akakitazama kichuguu, kilikuwa mbali sana huko nyuma, na Tuntufye bado juu yake.

"Kichuguu," akasema kwa nguvu, ili kisikie. "Mwambie Mwenye Koti jicho lipo."

Jina lile la jikoni lilimtoka kabla hajaliziba. Watu wakainamisha nyuso. Wanaosimulia wanasema koti lilitikisika kwa muda, na hakuna anayejua kama mzee alikuwa akicheka au akilia, maana halikushuka. Alibaki ndani yake mpaka mtoto akachukuliwa kwa baiskeli kupelekwa zahanati, na alipotaka kuondoka bila kulifunua, akaingia kwenye mfereji.

Asifiwe alishonwa nyuzi tano.

Siku ya tatu akaja Marta, dada yake mzee Anyelwisye, na uso wa msiba. Alikaa jikoni kwa Atuganile, akakataa chai, kisha akainywa.

"Umemtia kaka yangu aibu mbele ya watu wa Ipinda. Umemwendea kichwa wazi. Kwa wazazi wetu hiyo faini yake ilikuwa ng'ombe."

"Sina ng'ombe, shangazi."

"Basi kuku, jike, asiye na doa. Na uombe radhi kwa kinywa cha mtu mwingine."

Atuganile akamkamata kuku. Akamfunga miguu, Marta akambeba. Kabla ugali wa jioni haujaiva kuku akarudi, amebebwa na Lugano, aliyekuwa amefika siku hiyo kutoka safari.

"Baba amekataa," Lugano akasema, anajizuia kucheka. "Anauliza kuku wa nini. Anasema yeye siku ile hakumwona mtu. Alikuwa ndani ya koti."

Atuganile akamfungua kuku miguu. Kisha akaingia ndani, akalichukua gongo la Asifiwe, akalisukuma kwenye moto. Kuku ni jambo moja. Kulikuwa bado na mchezo mmoja, ule na Bondeni, na jicho la mtoto lilikuwa limevimba kama yai la bata.

Asifiwe alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Hakulia. Alitazama ncha iliyopinda inaanza kutoa moshi.

"Kwa nini Jumamosi nyingine hukuwa unakuja?" akauliza.

"Nini?"

"Wenzangu mama zao wanakuja. Mimi namtafuta wa kwangu, namwona babu tu. Nikirudi nakukuta na ungo." Akafikiri kidogo. "Nilidhani hupendi kunitazama."

Atuganile aliutazama ungo. Mchele ule, kila Jumamosi alikuwa akiupembua mchele uleule, uliokwisha kupembuliwa. Alikuwa amejificha kwa mzee, na kwa majirani, na kwa hofu yake, akajificha mpaka mtoto naye hakumwona. Akainama, akalivuta gongo motoni, akalizima kwa maji ya kunawia. Ncha ilibaki nyeusi, nalo liliitwa hivyo hadi mwisho wake, gongo jeusi.

"Nilikuwapo," akasema. "Migombani. Muulize Tuntufye." Kisha akakumbuka ni nani anayemtaja. "Usimuulize Tuntufye. Nilikuwapo."

Jumamosi ya mchezo wa Bondeni mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa, mazito. Atuganile alifika migombani mapema, kwa mazoea, na kukuta pamechukuliwa. Kigoda kilikuwa pale, upande wa huku wa kichuguu, na juu yake mgongo wa koti jeusi, umegeukia migomba, na uso umebanwa kwenye kichuguu, hauoni uwanja hata kidogo. Akachuchumaa haraka, akajifunika. Kikohozi kikatoka, kirefu, cha mtu aliyehama na anataka ijulikane amehama.

Akaelewa. Akazunguka mbali kwa nyuma, akatokea upande wa mfereji, kwenye nafasi ile ya kigoda, ambapo majani bado yalikuwa yamelala chini. Kutoka hapo uwanja ulionekana wote.

Juu ya ncha ya kichuguu Tuntufye alikuwa ameshapata kazi nyingine. Uso uwanjani, mdomo kwa mzee.

"Anafanya nini?" likauliza koti.

"Amewapita watatu, tata. Amewapita sita. Bondeni wanalia, mmoja anamwita mama yake."

Asifiwe wakati huo alikuwa amesimama anafunga magome ya mguu.

Makwale walifungwa siku hiyo, mawili kwa moja, na mvua ikaja kabla ya filimbi. Mzee Anyelwisye alikufa miaka sita baadaye akiamini walishinda kumi na moja bila, na kwamba la mwisho mjukuu wake alilifunga kwa kichwa. Hakuna aliyemsahihisha, maana nani angeanza wapi.

Lakini Atuganile aliona. Aliuona mpira ukimwendea mwanawe mara nyingi asizoweza kuhesabu, mweupe, unarukaruka kwenye nyufa, na ile alama nyekundu juu ya nyusi ikiukimbilia. Alikuwa amefikiri akiuona uwanja wote, hofu itapungua. Haikupungua hata punje. Na huku hapakuwa na mgomba wa kujifunga. Alisimama tu, mikono imeshikana, macho yamemtoka. Mara moja Asifiwe aligeuka katikati ya mbio, akatafuta kwenye watu, akampata, akatoa ulimi nje, akaendelea.

Mvua ilipowatawanya, walirudi nyumbani kwa njia ya migomba, mtoto mbele na gongo lake jeusi begani. Nyuma ya kichuguu kikohozi kikasikika, mara mbili, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Atuganile akamshika mtoto mkono, wakaingia majanini wote wawili, wakachuchumaa wakiwa wamelowa, mpaka koti likapita.